Pima Kwanza, Choma Baadaye: Ukaguzi Kabla ya Mnyama Kupigwa Nusu Kaputi

Tuseme una mbuzi jike wa kilo 25, na daktari anataka kumtuliza kwa zailazini, dawa ya sindano ya kusinzisha mifugo, ili amtoe kivimbe. Kipimo cha kuanzia kwa mbuzi ni miligramu 0.05 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo huyu anahitaji miligramu 1.25. Chupa ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mili. Ukigawanya unapata mili 0.06. Chukua bomba la mili 5 uitafute hiyo 0.06: huioni. Dawa inayobaki shingoni mwa sindano peke yake inaweza kuzidi hapo. Anayevuta "nusu mili hivi" kwa mazoea ameshampa mbuzi huyo mara 8 ya kinachotakiwa.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Wanyama wengi wanaofia kwenye dawa ya usingizi hawauawi na kisu. Wanauawa na jambo ambalo lingeonekana robo saa kabla ya sindano, kama kuna mtu angeangalia. Mfugaji una sehemu yako katika kuangalia huko, hata kama anayechoma ni mwingine.

Niseme mapema, mimi mwenyewe nikiwa daktari wa mifugo: kumlaza mnyama usingizi si kazi ya kujifunza kwa kusoma. Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, Kenya ina yake ya mwaka 2011, na zote zinataka kazi hizi zifanywe na aliyesajiliwa. Ninayoyaeleza hapa ni ya kukusaidia uandae mnyama na uulize maswali sahihi. Mtaalamu mzuri hakasiriki akiulizwa.

Tuanze na uzito, kwa sababu kipimo chote cha dawa kinautegemea. Macho yanadanganya, hasa mbuzi akiwa na manyoya mengi au tumbo lililojaa. Kama hakuna mizani, chukua futi ya fundi cherehani. Zungusha kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, usome sentimita. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa kalio. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Mbuzi mwenye kifua cha sentimita 70 na urefu wa sentimita 60 anakuja kilo 27. Si sahihi kama mizani, lakini ni bora mara nyingi kuliko kukisia. Uandike uzito huo kwenye karatasi, daktari akute namba badala ya "ni mkubwa mkubwa tu".

Halafu chupa. Zailazini inauzwa pia kwa nguvu ya asilimia 10, ambayo hutumika zaidi kwa farasi, na kwa mbali chupa zinafanana. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanahitaji takriban sehemu moja ya kumi ya kipimo cha farasi, na mbuzi ni mwepesi kudhurika kuliko ng'ombe. Ukikosea chupa, ile mili 0.06 inageuka mara 5 ya kipimo. Kwa hiyo lebo isomwe kwa sauti: jina la dawa, nguvu yake, tarehe ya mwisho. Mmoja asome, mwingine asikilize na kurudia. Bomba liwe la mili 1, lile la insulini, ambalo mistari yake inasomeka. Mimi huvuta dawa, naweka bomba chini, kisha naisoma tena chupa kabla ya kumgusa mnyama.

Sasa chakula, na hapa niwaambie kilichonipata. Kule Mgeta, milimani Uluguru, familia nyingi hufuga mbuzi wa maziwa kwenye mabanda ya kuinuliwa na kuwakatia majani. Nilikwenda kwa mama mmoja mbuzi wake akiwa na kivimbe ubavuni. Nikamwuliza, "Mama, hajala tangu jana?" Akanijibu, "Hajala, daktari, nilimwondolea mwenyewe." Alisema kweli. Lakini alfajiri, watoto wakielekea shule, walimwonea huruma mbuzi anayelia wakamtupia majani ya kabichi na maganda ya viazi, karai zima. Mimi sikuwauliza watoto. Nilipomlaza, ubavu wa kushoto ukaanza kupanda, kisha maji ya kijani yakatoka puani. Hakuamka. Tangu siku hiyo namwuliza kila aliyelala nyumbani kwa mfugaji, naingia bandani, natazama hori na sakafu, naangalia kama mdomo una majani.

Sababu yake ni hii. Mnyama anayecheua ana pipa kubwa la chakula kinachochacha mchana na usiku. Akiwa macho hucheua na kuitoa gesi. Akilala, koo linalegea, gesi haitoki, tumbo linavimba na kuyabana mapafu. Na kilichomo kinaweza kurudi kooni kikaingia kwenye njia ya hewa. Kumnyima chakula hakulimalizi pipa lile, ila kunapunguza uchachukaji na maji yaliyomo.

Ng'ombe mkubwa aondolewe chakula saa 24 kabla na maji saa 12 kabla. Mbuzi na kondoo wakubwa, chakula kiondolewe muda wa saa 12 hadi 24 kabla. Kazi ikipangwa saa 3 asubuhi, mbuzi atoe mdomo horini saa 12 jioni iliyotangulia, na maji yaondolewe saa 4 usiku. Usizidishe kwa kudhani ndiyo usalama zaidi. Mahali pa joto kali mnyama asiyekunywa muda mrefu anaingia kwenye dawa akiwa amekauka, na hilo ni hatari jingine. Ndama na watoto wa mbuzi wanaonyonya wasifungiwe usiku kucha, wataishiwa nguvu. Saa moja au mbili zinatosha. Mbwa, muda wa saa 6 hadi 8 kabla.

Vipi dharura? Mbuzi amekwama kuzaa, huwezi kumwambia asubiri kesho. Hapo daktari hubadilisha njia: anatumia ganzi ya mahali badala ya kumlaza kabisa. Ng'ombe anaweza kupasuliwa kutoa ndama akiwa amesimama, ubavu wa kushoto ukiwa na ganzi. Kama kazi inawezekana kwa ganzi, mimi huchagua ganzi kwanza. Na kama mnyama ana mimba, sema hata usipoulizwa. Zailazini hukaza mfuko wa uzazi, na kwa ng'ombe aliye karibu kuzaa inaweza kumharibia mimba. Taja mara ya mwisho kupandishwa, hata kama hujui kama alishika.

Afya ya mnyama inapimwa siku ileile, kabla hajasumbuliwa na kamba. Akifukuzwa nusu saa ndipo akamatwe, joto na mapigo vitapanda na hutajua kama ni ugonjwa au ni mbio. Joto la ng'ombe mzima liko kati ya 38 na 39.3, la mbuzi linafika 39.7 na zaidi kidogo jua likiwa kali. Bonyeza ufizi kwa kidole uachie: weupe urudi kuwa wa waridi ndani ya sekunde 2. Weka ngumi kwenye kishimo cha ubavu wa kushoto, utulie dakika 2, usikie tumbo likisukuma. Lisiposukuma kabisa, kuna jambo.

Funua kope la chini. Kwa wanaotumia kadi ya FAMACHA, ya kulinganisha kope na rangi 5 kutoka nyekundu (1) hadi nyeupe (5), mbuzi wa rangi ya 4 au 5 ana upungufu mkubwa wa damu, mara nyingi kwa minyoo ya tumbo. Huyo atibiwe kwanza. Kuhasiwa au kutolewa kivimbe kunaweza kusubiri. Kwa ng'ombe wa maeneo yetu, weupe wa macho unaweza kuwa ndigana baridi ya kupe au nagana ya mbung'o. Papasa pia tezi chini ya sikio na mbele ya bega. Tezi zimevimba, joto liko juu, mnyama anahema: hiyo ni dalili ya ndigana kali, na ugonjwa huo hujaza maji kwenye mapafu. Kumlaza ng'ombe wa namna hiyo ni kumziba pumzi zilizobaki. Nimewahi kurudi nyumbani bila kufanya kazi niliyoitiwa, mfugaji akanuna kwa sababu alikwishalipa nauli yangu. Ng'ombe wake yupo hai.

Kuhusu ganzi, watu huiona ni dawa nyepesi. Kwa ng'ombe mkubwa ni kweli kiasi. Kwa mtoto wa mbuzi anayechomwa vichipukizi vya pembe, hapana. Lignokeini, dawa yenyewe ya ganzi, ya asilimia 2 ina miligramu 20 kwa mili, na sitaki mbuzi apewe zaidi ya miligramu 5 kwa kilo. Mtoto wa kilo 4 basi mwisho wake ni mili 1 kwa kichwa chote. Tofauti na ndama, kila pembe ya mbuzi ina neva mbili za kutiwa ganzi, kwa hiyo una sehemu nne za kuchoma. Daktari makini huchanganya mili 1 ya dawa na mili 1 ya maji safi ya sindano yenye chumvi, apate mili 2, achome nusu mili kila sehemu. Kabla ya kusukuma, avute nyuma kidogo kuona kama kuna damu. Mtoto akianza kutetemeka au kushikwa na degedege, kipimo kimezidi au dawa imeingia kwenye mshipa.

Mahali pawe tambarare, pakavu, penye kivuli. Pasiwe na shimo, jiwe wala mtaro. Kule kwenye baridi andaa gunia au blanketi, kwa sababu mnyama aliyelala hapotezi fahamu tu, anapoteza joto pia. Kitambaa cha kufunika macho, ndoo ya maji safi, tochi, na mpira wa kutolea gesi tumboni viwepo kabla ya sindano. Dawa ya kuamsha, kama yohimbini au tolazolini, iwe mkononi pamoja na kipimo chake kilichokwisha kuhesabiwa. Mwulize daktari wazi: "Asipoamka, una nini?" Swali hilo halina utovu wa adabu.

Watoto wadogo wakae mbali. Mtu akijichoma zailazini kwa bahati mbaya asingoje kuona itakuwaje. Akimbizwe hospitali na chupa yenyewe, asiendeshe pikipiki.

Hospitali za binadamu zilipewa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2008, karatasi ya ukaguzi inayotaka watu wasimame wakague mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya kutoka chumbani. Kwetu inaweza kuwa nusu ukurasa wa daftari: uzito, alikula lini, mimba, joto, rangi ya macho, dawa na nguvu yake, saa ya sindano. Mfugaji aishike kalamu, daktari ajibu.

Akishalala, kichwa kiwekwe hivi: kisogo kiinuliwe kwa mto wa majani, mdomo uelekee chini, mate yatiririke nje. Ikiwezekana alazwe kifudifudi, kifua chini; kama lazima alale ubavu, wa kulia ndio uwe chini, tumbo la kushoto libaki juu. Mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila kuhesabu pumzi na kutazama ubavu ule. Baada ya kazi asiachwe peke yake mpaka aweze kukalia kifua mwenyewe na kuinua kichwa. Maji apewe akisimama bila kuyumba, majani kidogo baadaye, pumba kesho yake. Na muulize daktari siku za kusubiri kabla maziwa hayajanywewa au nyama kuuzwa, uziandike kwenye daftari lilelile, chini ya saa ya sindano.