Namna ya Kusoma Historia ya London ili Kuelewa Uhamiaji

Mazungumzo kuhusu wahamiaji huharibika mapema pale watu wanapotanguliza maoni na kuyaacha nyuma mambo yaliyotokea. Mwalimu anayetaka kulifundisha somo hili, mwandishi anayeandaa makala au mtu anayeongoza kikundi cha majadiliano atafika mbali zaidi akiuchagua mji mmoja mkubwa na kuufuata kwa karne kadhaa, huku akiuliza maswali yaleyale kila kundi jipya linapoingia. London inafaa sana kwa kazi hiyo. Ilianzishwa na Warumi katika karne ya kwanza, nao walikuwa wageni katika kisiwa hicho, na sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba wakazi wanne hivi kati ya kila kumi walizaliwa nje ya Uingereza. Nieleze msimamo wangu tangu sasa, ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea: London haikupata mchanganyiko wake wa watu kwa ukarimu wa asili. Iliupata kwa haja ya wafanyakazi, kwa sheria zilizotungwa na kutenguliwa, na kwa mapambano ya wahamiaji wenyewe, ambao mara nyingi walidai haki walizokwisha kuahidiwa.

Anza na jengo moja

Orodha ya mataifa haimfundishi mtu mengi. Chagua jengo au mtaa mmoja, kisha ufuatilie habari zake kwa muda mrefu. Katika eneo la Spitalfields, mashariki mwa mji, kwenye pembe ya Brick Lane na Fournier Street, kuna jengo la matofali lililojengwa mwaka 1743 na Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya kidini, ili liwe kanisa lao. Mwaka 1819 likawa kanisa la Wamethodisti. Karne hiyo ilipokuwa ikielekea ukingoni likageuzwa sinagogi la Wayahudi waliotoka katika himaya ya Urusi, na tangu mwaka 1976 ni msikiti wa Waislamu ambao wengi wao wana asili ya Bangladesh. Juu ukutani bado ipo saa ya jua yenye mwaka 1743 na maneno mawili ya Kilatini, Umbra Sumus, yaani “sisi ni kivuli”. Ukipita katika Fournier Street na kuinua macho, utaona nyumba za karne ya 18 zenye vyumba vya darini vilivyowekewa madirisha mapana kuliko yale ya chini. Wafumaji wa hariri walihitaji mwanga wa mchana juu ya mitambo yao ya kufumia, na hadi leo madirisha hayo yanaeleza ni nani waliishi humo na walikula kwa jasho la kazi gani.

Swali la kuuliza mbele ya jengo kama hilo si nani aliyeingia tu, bali pia waliotangulia walikwenda wapi. Wajukuu wa Wahugenoti waliyeyuka ndani ya jamii ya Waingereza. Wa kwanza kuwa gavana wa Benki Kuu ya Uingereza ilipoanzishwa mwaka 1694, John Houblon, alitoka katika ukoo wa wakimbizi wa Kiprotestanti. Wayahudi wengi wa mashariki mwa mji walijipatia nafuu ya maisha na kuhamia vitongoji vya kaskazini, na hivyo nyumba za ibada zikabaki bila waumini.

Hapa msomaji ajihadhari, kwa kuwa jengo lililopita kwa amani kutoka mkono hadi mkono linaweza kumdanganya. Mtaani hali ilikuwa tofauti. Tarehe 4 Mei 1978 Altab Ali, kijana wa Kibangali aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo, alichomwa kisu na kuuawa karibu na Brick Lane alipokuwa akirudi nyumbani kutoka kazini. Siku kumi baadaye maelfu ya watu, wengi wao wakiwa Wabangali wa eneo hilo, waliandamana nyuma ya jeneza lake hadi Downing Street, iliko ofisi ya waziri mkuu, na bustani iliyo karibu na mahali alipouawa sasa ina jina lake. Anayefundisha habari za jengo lile bila kutaja bustani hiyo amefundisha nusu ya somo.

Tenga sababu ya kuondoka na sababu ya kupokelewa

Gawa karatasi yako safu mbili. Katika ya kwanza andika kilichowafanya watu waondoke kwao. Katika ya pili andika ni nani aliyewahitaji huko walikofika, na kwa lipi. Mara nyingi safu ya pili ndiyo inayotabiri yatakayowapata.

Wahugenoti waliondoka kwa wingi baada ya Mfalme Louis XIV kufuta mwaka 1685 Amri ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti wa Ufaransa uhuru wa kuabudu, na Uingereza ya Kiprotestanti, iliyokuwa na uhasama na Ufaransa na iliyotamani ufundi wa hariri, ilikuwa na kila sababu ya kuwafungulia mlango. Wayahudi wa kwanza walifika London baada ya uvamizi wa Wanormandi wa mwaka 1066, na wafalme waliwalinda kwa sababu walikopesha fedha na kutozwa kodi nzito. Walipokwisha kukamuliwa hata wakawa hawana cha kutoa, Mfalme Edward I aliwafukuza nchini mwaka 1290, na muda wa zaidi ya miaka 350 ukapita kabla hawajaruhusiwa tena kuishi na kuabudu, mwaka 1656. Ulinzi unaotegemea faida peke yake huisha siku faida inapoisha. Sijaona katika historia yote ya mji huo jambo lililo wazi kuliko hilo.

Kwa waliotoka visiwa vya Karibi, safu ya pili imejaa. Meli ya Empire Windrush ilipotia nanga katika bandari ya Tilbury, karibu na London, mwezi Juni 1948, Uingereza ilikuwa imechakazwa na vita na ilihitaji mikono; huduma ya taifa ya afya ilianza mwezi uliofuata, na kuanzia mwaka 1956 shirika la usafiri la London lilituma watu hadi Barbados kuajiri wafanyakazi. Wasafiri hao hawakuja kuomba hifadhi. Walikuwa raia wa dola iliyowatawala, na wengi walikuwa wamelitumikia jeshi lake.

Linganisha shutuma, neno kwa neno

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ipewe muda mrefu zaidi. Kusanya maneno yaliyosemwa dhidi ya kila kundi, uyapange kwa miaka, kisha ufunike majina ya makundi hayo. Utashangaa jinsi itakavyokuwa vigumu kujua ni nani anayesemwa.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1517 mhubiri mmoja alisimama London mbele ya umati na kudai kwamba wageni wanakula mkate wa yatima maskini na kuwanyang'anya mafundi riziki zao. Siku chache baadaye vijana wanagenzi na mafundi walivamia nyumba na karakana za wafanyabiashara na mafundi wa kigeni, katika ghasia zilizokumbukwa kama Mei Mosi Mbaya. Karne tatu zikapita. Waayalandi walioikimbia njaa kuu ya miaka ya 1840 walisemwa kuwa wanaleta magonjwa na kushusha mishahara, ingawa hao ndio waliochimba magati na kutandaza reli. Sensa ya mwaka 1851 ilihesabu zaidi ya watu 100,000 waliozaliwa Ayalandi wakiishi London. Kisha wakaja Wayahudi waliokimbia mashambulizi yaliyofuata kuuawa kwa mfalme wa Urusi mwaka 1881, na maneno yakarudi yaleyale: mishahara, msongamano, uchafu. Safari hii kelele hizo zilizaa Sheria ya Wageni ya mwaka 1905, ambayo ndiyo iliyoweka msingi wa udhibiti wa kisasa wa wahamiaji nchini humo. Katika miaka ya 1950 shutuma za nyumba na kazi zikawageukia watu weusi wa Notting Hill, mtaa ulio magharibi mwa London, na mwishoni mwa Agosti 1958 makundi ya vijana wazungu yakawashambulia kwa siku kadhaa mfululizo.

Ulinganisho huu una upande wa pili ambao mwalimu mwaminifu hawezi kuuruka. Dhiki waliyoilalamikia wenyeji mara nyingi ilikuwa ya kweli. Katika Stepney, mashariki mwa London, mwaka 1900 kodi za nyumba zilipanda na familia zilibanana katika chumba kimoja. Huko Notting Hill nyumba zilikuwa chache na mbovu. Kwa hiyo usiishie kusema kwamba wenyeji walikuwa na chuki. Uliza ni nani aliyepandisha kodi, ni nani aliyelipa mishahara ya chini, na kwa nini hasira ikamwangukia mpangaji mpya badala ya mwenye nyumba. Wanafunzi wakiachwa wajibu swali hilo wenyewe, kwa kutumia kumbukumbu za wakati ule, huelewa mengi kuliko wakihubiriwa.

Tafuta pia nyakati ambapo mnyororo huo ulikatika. Tarehe 4 Oktoba 1936 Oswald Mosley na wafuasi wake wa kifashisti walitaka kupita mashariki mwa London chini ya ulinzi wa polisi, na katika Cable Street wakazi wakaziba njia. Bega kwa bega na Wayahudi walisimama wapakuzi wa shehena wenye asili ya Ayalandi, yaani vizazi vya watu waliokuwa wametukanwa kwa maneno hayohayo.

Soma sheria pamoja na tarehe zake

Sheria mbili za mwaka 1968 zinatosha kuonyesha kwa nini tarehe ni muhimu. Baada ya uhuru wa Kenya mwaka 1963, Wahindi wengi walioishi huko walibaki na pasipoti za Uingereza. Serikali ya Kenya ilipoanza kudai vibali vya kazi na leseni za biashara kwa wasio raia wake, maelfu walipanda ndege kwenda London, wakiwa na hati halali mkononi. Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku chache tu sheria iliyosema kwamba mwenye pasipoti ya namna hiyo hana haki ya kuingia bila kibali, isipokuwa yeye mwenyewe, mzazi wake au babu au bibi yake awe na asili ya Uingereza. Kila aliyeisoma alijua ni rangi gani ilikusudiwa, na mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba watu hao walidhalilishwa kwa ubaguzi wa rangi. Mwezi Oktoba mwaka huohuo wa 1968 Bunge hilohilo lilipiga marufuku ubaguzi wa rangi katika kupangisha nyumba na kutoa ajira. Hadi wakati huo mwenye nyumba wa London alikuwa huru kisheria kuandika dirishani kwamba hataki mpangaji mweusi.

Weka sheria hizo mbili kwenye ukurasa mmoja. Anayeitaja ya Oktoba peke yake ataona mji unaosonga mbele, na anayeitaja ile ya kwanza, ya Machi, peke yake ataona mji wa dhuluma. Zote mbili zilitoka mikononi mwa serikali moja, nazo zilibaki zikifanya kazi kwa pamoja.

Fuata watu hadi kazini

Mahali pa kazi huonyesha uhusiano wa wenyeji na wageni kwa namna ambayo sherehe na vyakula haviwezi kuonyesha. Mwezi Agosti 1976, kaskazini-magharibi mwa London, wafanyakazi wa kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick waligoma. Wengi walikuwa wanawake wenye asili ya Kihindi waliotoka Afrika Mashariki, na aliyewaongoza, Jayaben Desai, aliwahi kuishi Tanganyika kabla ya kuhamia Uingereza. Walichokidai kilikuwa haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi na kukoma kwa amri za kufanya kazi ya ziada bila kuulizwa. Mgomo ulidumu karibu miaka miwili na kiwanda hakikukubali matakwa yao. Hata hivyo, katika majira ya joto ya mwaka 1977 wafanyakazi wa posta walikataa kushughulikia barua za kiwanda, na maelfu ya wanachama wa vyama vya wafanyakazi, wakiwemo wachimba makaa ya mawe na watu wa bandarini, wakaja kusimama nao getini. Miaka tisa tu kabla ya hapo wafanyakazi wa bandari ya London walikuwa wameandamana kumuunga mkono Enoch Powell, mbunge aliyetaka wahamiaji warudishwe kwao. Mabadiliko hayo ndiyo ya kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu yalitokea watu walipojikuta na mwajiri wa aina moja na madai ya aina moja.

Chunguza hati ziko mikononi mwa nani

Hatua ya mwisho inahusu ushahidi wenyewe. Kumbukumbu za kesi za mahakama ya Old Bailey kuanzia mwaka 1674 hadi 1913 zinasomwa bure kwenye intaneti, nazo zina sauti za wahamiaji wengi, ila ni sauti za walioshtakiwa, walioibiwa au waliotoa ushahidi. Zisawazishe na kumbukumbu zilizotunzwa na jamii zenyewe, kama zile za Black Cultural Archives huko Brixton.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana wazi mwaka 2018, ilipofichuka kwamba watu waliofika Uingereza kihalali kabla ya mwaka 1973, wengi wao wakiwa watoto waliotoka Karibi, walikuwa wakifukuzwa kazi, wakinyimwa matibabu na wengine kuondolewa nchini kwa kukosa karatasi za kuthibitisha haki yao. Kadi zilizojazwa walipoteremka melini, ambazo zingewasaidia baadhi yao, ziliharibiwa na serikali mwaka 2010. Kwa hiyo, unapomhoji mzee aliyehama, mwombe akuonyeshe tiketi, barua za mwajiri, vyeti vya shule na picha zenye tarehe, upige nakala zake kwa idhini yake, umwachie nakala moja na nyingine uipeleke kwenye maktaba ya eneo lake pamoja na maelezo ya nani, wapi na lini.