Kubadilisha paipu za breki na kuzipitisha njia mpya kwenye gari kuukuu la porini

Kabla hujashika spana, lala chini ya gari na tochi. Usidanganywe na paipu inayoonekana nzima. Toa klipu moja pale juu ya ekseli ya nyuma uone ilichoficha, maana hapo ndipo tope hukaa na unyevu wake. Niliwahi kupitisha ukucha mahali kama hapo, ganda la kutu likabanduka na tone la mafuta likachuruzika. Tangu siku hiyo siungi kipande: natoa paipu yote, nati hadi nati. Viungo vya kubana vya mabomba ya maji visikaribie breki kabisa.

1. Kufungua. Liweke gari juu ya stendi, usiliamini jeki. Nati zilowe mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, kisha tumia spana ya ringi yenye mwanya, kwa sababu spana ya kawaida hula pembe. Mafuta ya breki yakigusa rangi, mwagia maji papo hapo.

2. Paipu. Chukua ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kipimo cha kawaida ni inchi 3/16, yaani 4.75 mm. Haili kutu na hupinda kwa mkono. Shaba tupu iache, mtetemo huichosha ikapasuka.

3. Njia. Hapa usiwe na haraka. Kama njia ya zamani ndiyo iliyoiua paipu, kwa nini uirudie? Pinda waya laini kwanza uwe kielelezo. Pita upande wa ndani wa chesisi, juu ya ukingo wake wa chini, mbali na eksozi, mahali ambapo jiwe na kisiki havifiki. Funga klipu zenye mpira kila sentimita 30 hivi. Karibu na masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga) zungusha paipu mara moja, ipate nafasi ya kucheza.

Hosi, yaani kipande cha mpira kinachopinda kati ya chesisi na ekseli, ndiyo husahaulika. Gari likiwa limeinuliwa springi, hosi ya zamani huwa fupi. Iache ekseli ining'inie mpaka mwisho, kata usukani kushoto na kulia, ndipo upime.

4. Mdomo. Kata, lainisha kwa tupa, pangusa ndani. Ingiza nati KABLA ya kuchanua mdomo, yaani kuitanua ncha ya paipu! Linganisha na mdomo wa zamani: uliokunjwa mara mbili na ule wa kiputo (uliovimba kama kiputo) haibadilishani. Nati ya M10x1 (ya vipimo vya milimita) na ya inchi 3/8 hufanana mno kwa macho, hivyo anza kufunga kwa vidole tu.

5. Kutoa upepo. Weka mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi lake; DOT ni jina la daraja lake. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na DOT 3 wala 4. Anza kutoa upepo na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vingine. Kisha washa injini, mwenzako akanyage breki kwa nguvu dakika nzima, wewe ukipitisha karatasi kavu kwenye kila nati. Ikilowa, legeza na kaza tena mdomo ukae vizuri. Ikilowa tena, kata mdomo huo uuchanue upya.