Jinsi ya kuona fuwele zinavyojijenga kwenye uzi wa poliesta, kwa kutumia chupa ya maji

Chupa ya maji yenye namba 1 pale chini na uzi wa shati la poliesta ni kitu kimoja kabisa, kwa hiyo kama unataka kujua kinachotokea ndani ya uzi ukivutwa, yani jinsi fuwele (sehemu ambazo molekuli zimejipanga kwa mpangilio) zinavyojijenga, huhitaji kiwanda, chupa inatosha. Na ukishaona kwa macho yako hautasahau, mimi naona hii ndo njia nzuri kuliko michoro yote ya darasani.

Kata vipande vya ukuta wa chupa, vikaushe kwenye oveni ya kama digrii 120 masaa kadhaa. Usiruke hapa, mana poliesta ikiyeyuka na unyevu ndani maji yanakatakata minyororo ya molekuli na uzi unatoka dhaifu, unakatika kabla hujafika popote. Fungua dirisha, washa kile chuma cha kulehemu cha mafundi redio, gusa kipande mpaka kiyeyuke (inayeyuka kwenye 255 hadi 260 hivi, ukiona moshi umezidisha moto) afu ondoa chuma polepole, utaona kinafuata uzi mwembamba unaong'aa. Huo umepoa haraka mno, molekuli hazijapata nafasi ya kujipanga, zimelala ovyo kama tambi kwenye sahani, fuwele hakuna.

Vuta nyuzi tatu au nne za namna hiyo. Moja iweke pembeni ya kulinganisha. Nyingine zitie nukta mbili za wino, sentimita 1 kati yake, shika ncha na uvute taratibu, taratibu kweli, ukiharakisha inakatika. Sasa angalia kwa karibu sana: uzi haupungui unene wote kwa pamoja, inatokea shingo sehemu moja, upande huu mnene upande huu mwembamba, na hiyo shingo inatembea ikila ule mnene mpaka unaisha. Nukta zako sasa ziko mbali kama sentimita 3 na nusu au 4. Hata kiwandani wanavuta hivohivo, mara 3 hadi 4 hivi, ila wao wanapitisha kwenye rola za moto wa digrii 80 au 90, kwa sababu chini ya 70 na kitu molekuli zimeganda hazitembei kirahisi.

Hapa ndo watu wengi wanachanganya. Kuvuta peke yake kunanyoosha minyororo ielekee upande mmoja, lakini kunyooka sio fuwele bado. Ukivuta kwa kasi kubwa kwenye joto, fuwele zinaanza kujijenga pale kuvuta kunapoisha, kwanza inakuja hali ya katikati, molekuli zimejipanga nusunusu, afu ndani ya muda mfupi sana, chini ya sekunde, zinakaa sawasawa.

Kupima tofauti ya kunyooka tu na kuwa na fuwele, chukua uzi mmoja uliovuta, utumbukize kwenye maji yanayochemka (hata Nairobi ambako maji yanachemka kama 94 inatosha). Utajikunja na kurudi nyuma sana, kwa sababu hakuna cha kuushikilia. Mwingine ubane ncha zote mbili kwenye ubao usisogee, weka kitambaa juu, piga pasi ya moto nusu dakika, uache upoe ukiwa bado umebanwa, ndo utumbukize. Huo karibu haujikunji kabisa. Joto limezipa molekuli zilizonyooka nafasi ya kufunga fuwele, na fuwele zinafanya kazi kama mafundo kwenye wavu. Kiwandani wanaita kutuliza kwa joto, digrii 140 hadi 220 kutegemea na uzi. Marinda ya sketi ya shule ya poliesta yanakaa miaka bila kufunguka kwa sababu hiyohiyo.

Sasa rudi kwenye chupa, kata ule mdomo wenye mistari ya kifuniko. Pale plastiki haikuvutwa wakati chupa inapulizwa, ukuta ndo ulivutwa. Ushike mdomo kwa koleo juu ya jiko la mkaa, mbali kidogo usiungue, subiri. Utageuka mweupe kama maziwa, na ukipoa ukiupiga nyundo unapasuka. Nao ni fuwele! Ila hazikupata mwelekeo, zimekua kuwa mabonge makubwa yanayotawanya mwanga, wakati za kwenye uzi uliovutwa ni ndogo sana, nanomita chache tu, ndo mana uzi unabaki angavu na unapinda bila kuvunjika. Kuna chupa za juisi inayojazwa ikiwa ya moto zina mdomo mweupe toka dukani, pale wameuchoma makusudi ili usilegee. Ukiipata weka kando ya ule wako wa jikoni, weupe ni uleule.