Kabla Hujapiga Kiki: Mambo ya Kuzingatia Unapofufua Pikipiki ya Zamani Iliyozama Mafurikoni

Usiiwashe. Usipige kiki, usiisukume, wala usigeuze ufunguo hata kama nia yako ni kutazama tu kama taa zinawaka. Maji yaliyokaa juu ya pistoni hayashindiliki kama hewa, na watu wawili wakiisukuma pikipiki ili iwakie kwenye gia, konrodi, yaani fimbo inayoiunganisha pistoni na kranki, inaweza kupinda papo hapo. Chomoa waya wa betri, ukianza na wa hasi, ondoa ufunguo uuweke mfukoni, na usimsikilize jirani anayekwambia kwamba ya shemeji yake iliwaka siku ile ile.

Piga picha kabla ya kuosha. Mwenye bima kubwa atazihitaji kwa madai yake. Mwenye bima ndogo hana cha kudai kwa pikipiki yake mwenyewe, lakini picha hizo hizo ndizo zitakazomkumbusha miezi mitatu baadaye waya wa bluu ulipita upande gani wa fremu. Nakili namba ya injini na namba ya chesisi. Kama kadi ya usajili imelowa, ianike kivulini na ushughulikie nakala yake TRA, Mamlaka ya Mapato, mapema, maana pikipiki iliyotengenezwa ikang'aa bila kadi itaishia uani.

Vaa glovu nzito na mabuti ya mpira. Maji ya mafuriko mjini hupita vyooni, majalalani na mitaroni kabla hayajafika kwako, na tope linaloachwa kwenye pikipiki ni mabaki ya hayo yote. Homa ya mgunda, iliyozuka Lindi mwaka 2022, huenezwa na maji na udongo wenye mkojo wa wanyama, wakiwamo panya, na vimelea vyake hupenya kwenye michubuko midogo ambayo fundi huipata kila siku bila kuijali. Spoku yenye kutu ikikuchoma, nenda kituo cha afya uulize habari ya chanjo ya pepopunda siku hiyo hiyo.

Osha tope likiwa bado bichi. Tumia maji safi mengi yenye mkondo wa kawaida, kwa sababu mashine ya kuoshea magari husukuma mchanga ndani ya beringi na ndani ya viungio vya waya ambako haukuwa umefika. Usiogope kuilowesha tena pikipiki iliyokwisha kulowa. Cha kuogopa ni kuiacha ikauke na tope lake, kwa kuwa chuma kilicholowa kikikutana na hewa huanza kutu ndani ya saa chache, na tope likikauka hugeuka udongo wa kufyatulia matofali.

Sasa nije kwenye injini, na hapa naomba usiruke mstari.

Pikipiki ninayoizungumzia ni Honda CG125 ya baba yangu, aliyoitumia miaka yake yote ya kazi ya ubwana shamba. Honda ilianza kuuza aina hiyo mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo barabara ni mbovu na mafundi hawana vifaa vingi. Ndiyo maana valvu zake husukumwa na fito badala ya mnyororo, cheni ya nyuma imefunikwa kabisa, na injini yake ya sentimita za ujazo 124 inaweza kufunguliwa na mtu mwenye spana chache na subira. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyotokana na mvua ambayo Dar es Salaam haikuwa imeiona tangu mwaka 1954, yaliikuta nyumbani kwetu bonde la Msimbazi. Maji yalipopungua tuliikuta imelala ubavu, tope limefika kwenye tenki.

Nilifanya yote niliyodhani ni sahihi. Sikupiga kiki. Nilitoa plagi, nikamwaga oili iliyotoka nyeupe kama chai ya maziwa, nikamimina dizeli kwenye silinda na kuizungusha injini polepole kwa spana mpaka maji yakaisha kutoka. Nikatia oili ya bei nafuu, nikaizungusha, nikaimwaga. Nikarudia tena, na mara ya pili oili ilitoka safi kiasi cha kuona vidole vyangu kupitia kwenye chupa. Nilisafisha kabureta, nikabadilisha plagi na platini, ile swichi ndogo inayoamuru cheche. Kiki ya nne iliwaka. Baba alitoka barazani na kofia mkononi, akasimama kuisikiliza bila kusema neno, na mimi nikaamini kazi imekwisha.

Siku ya tatu niliiendesha kwenda Kibaha. Nilipopita Kimara nilisikia mlio mwepesi wa kugonga, tak, tak, tak, uliokuwa ukiongezeka nikiongeza mafuta na kupungua nikiachia. Nilijiambia ni valvu zimelegea, nikaendelea. Kabla ya Kibaha mlio ulikuwa wa nyundo, na nikarudi nyumbani na pikipiki ndani ya Kirikuu, gari dogo la mizigo. Fundi mmoja wa makamo alifungua kifuniko cha kulia cha injini, upande wa klachi, akaniita nichungulie. Kwenye ncha ya kranki, mhimili unaozungushwa na konrodi, kuna kikombe kidogo kinachozunguka pamoja nayo; kazi yake ni kurusha uchafu wa oili pembeni na kuushika, ili oili iliyobaki safi iingie ndani ya kranki na kulisha beringi ya konrodi. Alifungua kifuniko cha kikombe hicho, akachomeka ncha ya bisibisi, akabandua kipande cha tope kikavu chenye umbo la kikombe chenyewe, kama andazi lililogandia kwenye sufuria. "Bwana mdogo," akaniambia, "oili unayoimwaga chini haipitii huku. Ungeimwaga hata mara kumi."

Kisha alishika konrodi, akaivuta juu na kuisukuma chini, nayo ikacheza. Hapo ndipo nilipolielewa kosa. Oili safi iliyotoka chini ilinionyesha hali ya sehemu ya chini ya injini tu. Huku ndani tope lilikuwa limeziba njia, na lile lililopita lilikwenda moja kwa moja kwenye beringi inayobeba nguvu yote ya injini. Kranki ya injini hii imeunganishwa kwa kushindiliwa, kwa hiyo kubadilisha konrodi si kazi ya nyumbani: inabidi ipelekwe karakana yenye presi, itenganishwe, iunganishwe upya na kunyooshwa kwa kipimo. Silinda nayo ilikuwa imechorwa mistari na mchanga, ikakerezwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi kwa robo milimita. Kazi ambayo ingenigharimu gasketi moja ya karatasi na mchana mmoja ilichukua miezi saba, na katika miezi hiyo baba aliniuliza mara moja tu imefikia wapi, kisha akaacha kuuliza.

Kwa hiyo nakwambia kwa msisitizo: baada ya mafuriko, fungua kifuniko cha klachi hata kama oili imetoka safi na hata kama injini inazunguka laini. Safisha kikombe hicho mpaka chuma chake kionekane, toa wavu wa oili uoshe, fungua pampu ya oili uione kwa macho, na upulize vitundu vyote vya oili kwa hewa ya kompresa. Pikipiki nyingi za bodaboda zilizotengenezwa China zina injini iliyonakiliwa kutoka kwenye hii, kwa hiyo anayemiliki mojawapo naye asidhani maneno haya hayamhusu. Ikishawaka, iache ingurume dakika kumi, zima, mwaga oili hiyo ikiwa ya moto, weka nyingine. Imwage tena baada ya kilomita hamsini. Injini hii inachukua kama lita moja tu. Oili ya kubadilisha mara tatu ni rahisi kuliko kranki.

Kabla ya kufungua chochote, tafuta bisibisi inayofaa. Skrubu za Kijapani za kichwa cha msalaba zimechongwa tofauti kidogo na zile za kawaida, na bisibisi ya dukani huteleza na kuila njia ya skrubu, hasa iliyokaa miaka thelathini na sasa ina kutu ya mafuriko. Nunua bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Kila kifuniko kiwe na kopo lake lenye jina.

Tenki litoe, limwage, na usijidanganye kwa petroli inayoonekana juu, kwa kuwa maji hukaa chini yake. Kutu ya ndani huondolewa kwa siki nyeupe iliyojazwa mpaka mdomoni na kuachwa usiku kucha au zaidi, kisha tenki lisuuzwe kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, likaushwe haraka na kupakwa oili ndani. Fanya kazi hii nje, mbali na jiko la mkaa na mvutaji sigara, na petroli chafu usiimwage mtaroni.

Umeme wa pikipiki za zamani ni mchache lakini una kinyongo. Waya unaoonekana mzima kwa nje huweza kuwa umegeuka kijani na unga ndani ya ganda lake. Kata kipande kidogo mwishoni utazame, na ukikuta kijani endelea kukata mpaka ufikie shaba nyekundu, au ubadilishe waya mzima. Fungua kila kiungio na kila swichi. CG125 za mwanzo zinatumia volti 6, nyingine volti 12, kwa hiyo hakikisha kwanza yako ni ipi kabla hujanunua betri na balbu.

Fungua magurudumu yote mawili, kwa sababu ngoma za breki hujaa tope na breki iliyojaa tope humwua mtu kwenye mteremko. Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, maana breki shuu za enzi hizo nyingi zina asbesto. Lifute kwa kitambaa kilicholowa. Gololi za usukani na beringi za magurudumu zote zitoke, zioshwe, zipate grisi mpya. Oili ya shokapu za mbele imwagwe hata kama mpira wa juu unaonekana mzima.

Ukienda Kariakoo au Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta spea, nenda na spea ya zamani mkononi na kipimo, wala usikubali neno "inaingia tu", kwani za Kichina nyingi hufanana kwa sura na kutofautiana kwa milimita. Spea halisi ya zamani usiitupe mpaka mpya iwe imefungwa na imetembea.

Usiwashe injini chumbani. Usifanye kazi chini ya pikipiki iliyosimamishwa kwenye kreti la soda. Watoto wasicheze na makopo. Ukiuza pikipiki iliyozama, mwambie mnunuzi. Na masika yakikaribia, ipandishe juu ya matofali, ziba mdomo wa eksozi na bomba la kupumulia la injini kwa kitambaa kilichopakwa grisi, na uache mkia mrefu mwekundu uning'inie nje, ili atakayetaka kuiwasha auone kwanza.