Jinsi ya Kumzoesha Mtoto Mdogo Kupiga Mswaki Bila Vita

Mimi ni tabibu wa kinywa na meno katika kituo kimoja cha afya wilayani Temeke, na mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia jirani yangu, ambaye mwanawe wa miaka miwili na nusu alikuwa akifumba mdomo kila alipouona mswaki. Mama huyo alikwisha kujaribu pipi, katuni za kwenye simu na vitisho vya sindano, na alipokuja kwangu alitaka nimfundishe mchezo utakaomlainisha mtoto mkaidi. Mchezo upo na nitaueleza, lakini hauwi wa kwanza, kwa sababu mtoto hafurahii jambo linalomuumiza. Ondoa maumivu kwanza, kisha ulete mchezo.

Hatua ya kwanza: vifaa

Nunua mswaki wa mtoto wenye kichwa kidogo na nywele laini. Hiyo ya kuwaka taa au yenye mdoli kwenye mpini siipendi, kwani mtoto hushughulika na mdoli na meno yakabaki na chakula chake. Mswaki wa bei ndogo wa duka la mtaani unatosha kabisa. Ila nunua miwili, mmoja wa mtoto kushika na mwingine wa kwako kufanyia kazi.

Dawa ya meno iwe na floraidi, madini yanayolinda meno yasioze, na boksi lionyeshe kiasi kisichopungua 1000 ppm, yaani sehemu 1000 kwa kila milioni. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu weka kiasi cha punje ya mchele, na kuanzia miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere. Ule mkanda mnene unaofunika mswaki mzima kwenye matangazo haumhusu mtoto. Dawa zenye ladha ya matunda sizikatazi, lakini ziwekwe juu, maana mtoto akizifikia huzila kama jamu. Wazazi waliotoka Arusha huniuliza kama floraidi siyo ile inayoyafanya meno ya watu wa kwao kuwa ya kahawia. Madini ni yale yale, isipokuwa kule huingia mwilini kwa wingi kupitia maji ya kunywa, kila siku, wakati meno ya ukubwani yakiwa bado yanajijenga ndani ya taya, jambo ambalo haliwezi kulinganishwa na punje ya mchele inayotemwa.

Hatua ya pili: wakati

Mpigishe mswaki mara mbili kwa siku, na ikibidi uchague mara moja ya kuifanya kwa utulivu, chagua usiku, kwa kuwa mate hupungua mtu alalapo na meno hukosa kinga yake. Usingoje mtoto aanze kusinzia mkekani mbele ya televisheni. Mpigishe mara tu baada ya chakula cha jioni na kuoga, akiwa bado mchangamfu. Baada ya hapo ni maji tu. Chupa ya maziwa au ya uji wenye sukari anayolala nayo mdomoni ndiyo inayoyaoza meno ya mbele ya juu ya watoto wengi ninaowaona.

Hatua ya tatu: mkao na mdomo wa juu

Hapa ndipo wazazi wengi wanapokwama, na naomba hatua hii isomwe polepole.

Usimpigishe mtoto mswaki mkiwa mmetazamana uso kwa uso, kwa maana atarudi nyuma, wewe utamfuata, na mswaki utakwenda usikokusudia. Kaa kwenye mkeka au kigoda, umlaze kichwa chake kikiwa mapajani mwako, macho yakitazama juu, pahali penye mwanga. Aliye mkubwa kidogo asimame akikupa mgongo na aegemeze kichwa tumboni mwako. Kwa mkao huo unayaona meno ya juu, mkono wa kushoto unashikilia taya bila kulikaba, na mtoto ana mahali pa kutuliza kichwa.

Sasa inua mdomo wa juu kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto na utazame katikati, juu ya meno mawili ya mbele. Utaona kiuzi chembamba cha nyama kinachounganisha mdomo na ufizi. Kiuzi hicho kina maumivu makali kikiguswa kwa nguvu, na kwa watoto wengine kimeshuka hadi karibu na meno, hivyo kichwa cha mswaki kinapopita upande hadi upande hukigonga kila mara. Mtoto wa jirani yangu alikuwa akitulia kwenye magego na kupiga kelele tu mswaki ulipofika mbele juu, na hiyo ndiyo dalili yenyewe. Laza ncha ya kidole chako juu ya kiuzi ukifunike, kisha piga mswaki chini ya kidole, jino moja moja, kwa miduara midogo. Mama yake alipofanya hivyo mtoto alishangaa, akafumbua macho, akaacha mdomo wazi.

Mswaki ushikwe kwa vidole kama kalamu, usishikwe kwa kiganja kama kisu cha kumenyea muhogo, kwa kuwa kiganja huleta nguvu nyingi mno. Nywele zielekee pale jino linapokutana na ufizi, maana uchafu hukaa hapo zaidi kuliko kwenye ncha za meno. Ukifika magego ya nyuma usimwambie mtoto aachame sana. Mwambie afumbe nusu ili shavu lilegee na mswaki upate njia. Anayetaka kutapika huwa amekandamizwa ulimi, hivyo anza upande wa shavuni na uufikie upande wa ulimi mwishoni.

Kuna siku maumivu hayatokani na mkono wako. Kati ya miaka miwili na mitatu magego ya mwisho ya utotoni hutokeza na fizi huvimba. Siku hizo pahali hapo pasafishwe kwa kitambaa safi chenye maji, na kwingine mswaki uendelee. Fizi zikitoa damu kidogo, usiache kupiga mswaki, kwa kuwa mara nyingi damu hiyo husababishwa na uchafu uliokaa, na hukoma zikisafishwa taratibu kwa siku kadhaa. Isipokoma, mlete mtoto aonwe. Mlete pia ukiona mistari myeupe kama chokaa karibu na fizi, au madoa ya kahawia, au tundu, kwa sababu jino lililotoboka huuma hata kwa mswaki laini kuliko wote. Na kwa kuwa bado nayasikia mitaani, niseme hapa kwamba yale yanayoitwa meno ya plastiki si ugonjwa: ni meno ya kawaida yaliyo bado chini ya ufizi, na kumchokonoa mtoto mchanga kwa sababu ya homa au kuharisha humharibia meno na kuhatarisha uhai wake.

Hatua ya nne: mchezo

Sisi tunatumia safari ya mwendokasi, yale mabasi ya haraka ya Dar es Salaam, na sehemu za mdomo ndizo vituo vyake. Magego ya juu kulia ni Kimara, meno ya mbele juu ni Ubungo, magego ya juu kushoto ni Manzese. Kisha mnashuka chini, magego ya kushoto yakiwa Magomeni, ya mbele Jangwani, ya kulia Fire, na ulimi ni Kivukoni, mwisho wa safari. Kila kituo hesabu polepole hadi ishirini, na vituo sita vya meno vitawapa dakika mbili zinazotakiwa. Wewe unatangaza kituo, na mtoto, ambaye hawezi kusema akiwa ameachama, anagonga ndoo ya kutemea kwa kiganja kuruhusu basi liondoke. Mtoto mkubwa akilalamika kwamba mwendokasi hauna konda wa kugonga bodi, mwambie la kwenu linaye.

Ubungo basi lipunguze mwendo, kwa sababu ya kile kiuzi. Jangwani, ambako mate hujikusanya nyuma ya meno ya chini, unatangaza kwamba mto Msimbazi umefurika na abiria wote washuke, naye anainuka kutema. Watoto huisubiri Jangwani tangu Kimara. Anayeishi Mbagala au Gongo la Mboto anaweza kutumia vituo vya njia yake, lakini mafuriko msiyaache.

Hatua ya tano: zamu yake

Mpe mswaki wake apige mwenyewe, ama kabla yako ama baada yako. Asukutue kidogo sana au asisukutue kabisa, ateme tu, ili floraidi ibaki kwenye meno. Usimwachie kazi yote hadi afikishe miaka saba au minane.

Hatua ya sita: walezi wengine

Kama asubuhi mtoto anaandaliwa na dada wa kazi au bibi kwa sababu wewe umetoka alfajiri kuwahi foleni, mwonyeshe mlezi huyo kile kiuzi kwa macho yake, mtoto akiwa amelala mapajani mwake, usimwelekeze kwa maneno peke yake. Majina ya vituo yawe yale yale.

Mtoto akikaribia miaka sita, chungulia nyuma ya gego la mwisho la kila upande. Gego jipya huota hapo bila jino lolote kung'oka, na wazazi hulidhania la utotoni ilhali ni la maisha. Ukiliona, mtangazie abiria wako kwamba basi sasa linaanzia Mbezi, nyuma ya Kimara.