SOMO: Mashine ya mchele inakoboa mchana kutwa, faida haionekani. Anza hapa

Swali hili linarudi kila msimu kutoka Ubaruku, Igurusi hadi Kyela, huku mkoani Mbeya. Naliandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Tenga pesa ya kiwanda na ya nyumbani. Jilipe mshahara, basi.

2. Pima kila shehena, inayoingia na inayotoka. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mpunga kilo 1,000 ukitoa mchele 640, chenga (punje zilizovunjika) 40, pumba 80 na maganda 210, jumla ni 970. Kilo 30 ziko wapi? Vumbi, unyevu, au mkono wa mtu. Usichanganye shehena mbili, na safisha mashine kabla ya kuanza nyingine, la sivyo mpunga mzuri utaficha ubaya wa ule mwingine. Na msianze kufukuza watu! Kwanza chota konzi kwenye rundo la maganda: ukikuta punje nzima, feni inayopeperusha maganda inavuta kupita kiasi. Kisha angalia punje zinazotoka kwenye raba, yaani roli mbili za mpira zinazomenya ganda. Punje moja kati ya kumi ikibaki na ganda ni sawa, itarudishwa. Ukibana raba ili zote zimenyeke mara moja, unatengeneza chenga.

3. Andika kila mashine inaposimama, muda na sababu: umeme, mkanda, raba, kukosa mpunga. Baada ya wiki mbili shughulikia sababu iliyokula saa nyingi kuliko zote.

4. Kila asubuhi, dakika kumi na opereta na mtu wa mizani, namba za jana zikiwa ubaoni.

5. Mashine mpya ifikiriwe mwisho.

MASWALI

– Mkuu, kwa kifupi, nifanyeje faida iongezeke?
Hatua ya 2. Isome.

– Mimi nakoboa mpunga wa wateja kwa malipo ya kilo. Hasara ya chenga si yao?
Ni yao msimu huu. Msimu ujao watapeleka kwa jirani.

– Nikimlipa opereta kwa idadi ya magunia, si ataongeza bidii?
Ataongeza kasi, na chenga pia. Bonasi ifuate kilo za mchele mzima kwa kila kilo 100 za mpunga.

– Dada hapa. Sina kipima unyevu, nitajuaje mpunga umefika unyevu wa asilimia 14 wa kukobolea?
Swali zuri, dada. Kausha chumvi kwenye kikaango, ipoe. Jaza chupa kavu ya kioo mpunga theluthi moja, weka vijiko viwili vya chumvi, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umezidi takribani asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda, umekaribia.

– Juani kwa muda gani?
Usihesabu saa. Tandaza kwenye turubai unene wa sentimita 3 hadi 5, geuza kila nusu saa, jua la saa sita likiwa kali funika. Ukikauka kwa pupa punje hupasuka ndani, na hakuna raba itakayoziokoa.