Mgeni wa makao ya watoto, mpe jembe siku ya kwanza

Mimi ni fundi bomba. Sijasomea malezi, sijui kuimba, na wanangu mwenyewe wananiambia hadithi zangu hazina mwisho. Hata hivyo nimejitolea mara mbili kwenye makao ya watoto waliotelekezwa, katika nchi mbili tofauti, zote za ugenini. Safari ya kwanza ilikuwa ya wiki tatu, na niliharibu zaidi ya nilivyotengeneza. Ya pili ilikuwa ya miezi minne, na sikumpakata mtoto hata mmoja. Anayetaka kwenda, haya ndiyo ningemwambia tukiwa tumekaa.

Ile ya kwanza nilijaza fomu usiku, na asubuhi jibu likawa limeshafika: karibu sana. Hakuna aliyeuliza kama nimewahi kufungwa. Hakuna aliyeuliza ninajua kufanya nini. Walichouliza ni lini nitalipa ada. Siku ya pili mtoto wa kama miaka mitatu alinidaka mguu akaniita baba, nami nikapiga simu nyumbani kusimulia kwa furaha. Chumba cha wachanga kilikuwa na vitanda kumi na kimoja na ukimya mtupu. Nikamsifu mlezi wa zamu kwamba watoto wake wametulia. Alinitazama tu, akaendelea kukunja nepi.

Muuguzi mmoja ndiye aliyenifungua macho, wakati nimesharudi. Mtoto mchanga akilia siku nyingi bila mtu kuja, huacha kulia. Na mtoto anayemrukia kila mgeni na kumwita baba hajakupenda wewe, bali hajapata mtu mmoja wa kumtofautisha na wengine. Wiki ya tatu ilipokwisha niliondoka yule mtoto akiwa amelala, kwa ushauri wa meneja, eti asilie. Aliamka akakuta ameachwa tena. Kabla yangu alikuwepo mgeni mwingine, na kitanda nilichokilalia kilikuwa na mtu mpya Jumatatu iliyofuata.

Kwa hiyo swali la kwanza si uende nchi gani. Ni hili: kuna kazi gani pale ambayo mtu wa kule hawezi kuifanya, au hakuna wa kuilipia? Kama jibu lako ni "kuwapa upendo", baki nyumbani. Sisemi kwa ukali. Upendo wa wiki tatu, kwa mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja, ni deni analolipa yeye.

Na usidhani hili ni wazo langu la kifundi. Mwaka 2000 watafiti walianza kuwafuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye vituo vya Bucharest, Romania. Nusu yao, kwa kura, walipelekwa kuishi na familia za malezi, wengine wakabaki katika utaratibu wa kawaida. Waliopelekwa kwenye familia walipata nafuu, hasa waliotoka vituoni kabla ya kufikisha miaka miwili. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya mwaka 2009 inasema mtoto wa chini ya miaka mitatu alelewe ndani ya familia, na kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi. Soma sentensi hiyo ya mwisho mara mbili, maana watoto wengi wanaoitwa yatima vituoni wana mzazi au ndugu aliye hai.

Hapo ndipo pesa yetu sisi wageni inapoingia. Kule Kambodia, kati ya mwaka 2005 na 2010 idadi ya vituo vya watoto iliongezeka kwa asilimia 75. Yatima hawakuongezeka hivyo. Walioongezeka ni watalii na wafadhili wanaotaka kuwaona. Mahali penye wageni wanaolipa ili wakae na watoto, kuna atakayewatafuta watoto wa kukaa nao. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu haki za mtoto lililotaja wazi kwamba programu za kujitolea kwenye vituo vya yatima, zikiwemo za kitalii, zinaweza kuleta usafirishaji haramu na unyonyaji wa watoto. Mimi nililipa ada yangu bila kujua lolote kati ya haya, na risiti ninayo mpaka leo.

Basi, tuseme umejipima na bado una kazi ya kupeleka. Sasa yachunguze makao. Yale ya pili yalinizungusha wiki saba. Walitaka cheti cha polisi kuonyesha sina rekodi ya uhalifu, barua za watu wawili ambao si ndugu zangu, kisha mahojiano ya simu mara mbili, na nisaini kanuni za ulinzi wa mtoto ukurasa kwa ukurasa. Nilikasirika. Nikamwambia mke wangu hawa watu wanajiona. Leo nawashukuru, maana mlango unaofunguka upesi kwa mimi mwema unafunguka upesi vilevile kwa mtu anayewawinda watoto.

Nawe waulize, na uandike majibu. Wana leseni ya mamlaka ya ustawi wa jamii, na ukaguzi wa mwisho ulifanyika lini? Usiku, mlezi mmoja anaangalia watoto wangapi? (Mchana kila mtu atakupa namba nzuri.) Walezi wanadumu muda gani kabla ya kuacha kazi? Kila mtoto ana faili lenye habari za alikotoka? Mwaka uliopita wangapi walirudi kwa ndugu zao au kuhamia kwenye familia za malezi? Hilo la mwisho ndilo langu kuu. Makao yanayojua kazi yake hujibu kwa namba na kwa majina ya maafisa wanaoshughulika nao. Ukijibiwa kwamba watoto hawa hawana mtu duniani, wote, mpaka wa mwisho, funga simu. Na kama wanatangaza kwamba mgeni anaruhusiwa kuja kucheza na watoto kila Jumamosi, hata simu usipige.

Pesa pia zizungumzwe bila aibu. Kama unalipa kupitia wakala, dai mchanganuo: kiasi gani ni chakula na malazi yako, kiasi gani kinabaki kwa wakala, kiasi gani kinafika kwenye makao. Kisha linganisha gharama ya safari yako yote, nauli ikiwemo, na mshahara wa mlezi mmoja wa kule. Safari yangu ya kwanza ingemlipa mlezi wa usiku kwa miezi mingi, na yeye asingeondoka wiki ya tatu.

Viza nayo: nchi nyingi huhesabu kujitolea kuwa ni kazi, hata kama hulipwi, kwa hiyo viza ya utalii haitoshi. Ukiambiwa "sema tu unakuja kutembea", umeshajua unashughulika na watu wa namna gani. Chanjo zako zikamilishe, hasa ya surua, na upimwe kifua kikuu, kwa sababu wachanga wa kule bado hawajafikia umri wa baadhi ya chanjo na wewe ndiye unayeshuka kwenye ndege. Chukua bima. Jifunze maneno ya lugha yao, kuanzia na "inatosha", "polepole" na "unaumwa wapi", kabla hujafika kwenye salamu ndefu.

Sasa kazi yenyewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye makao ya watoto apewe siku ya kwanza, na alimie nyuma ya nyumba. Nina maana kwamba kazi bora ya mgeni ni ile inayompunguzia mlezi mzigo ili mlezi abaki na mtoto. Mlezi ndiye atakayekuwepo mwakani. Akikutwa anafua mashuka huku wewe mgeni umempakata mtoto, mmekaa kinyume.

Mimi nilipofika mara ya pili nilikabidhiwa tangi la maji moto. Walezi walikuwa wanabeba maji kwa ndoo kutoka jikoni kwenda bafuni, mara mbili kwa siku, kwa sababu maji ya bombani yalikuwa ama baridi kabisa ama ya kuunguza. Ngoja nieleze kidogo, hili nalijua. Maji tangini yanatakiwa yawe na joto la nyuzi 60 hivi, maana yakiwa vuguvugu huzaa bakteria wanaoshambulia mapafu. Lakini nyuzi 60 hizohizo zikimfikia mtoto, sekunde chache tu ngozi imekwisha. Ndiyo sababu huwekwa kifaa kinachochanganya maji moto na baridi kabla hayajafika bombani, na maji ya kuogea mtoto yakaishia kwenye nyuzi 37 au 38. Pale hakikuwepo. Kukifunga, kubadilisha mabomba yaliyooza na kushusha masinki mawili yafikie kimo cha mtoto wa miaka minne kulinichukua wiki tano. Baada ya hapo hakuna aliyebeba ndoo. Nilipita siku moja nikamkuta yule mlezi wa jioni, aliyekuwa hana muda wa kukaa, amekaa kwenye kigoda anamsugua mtoto mgongo taratibu na wanabishana kuhusu sabuni. Sikuingia. Nilikuwa na spana mkononi, nikaendelea na safari yangu.

Wewe si fundi bomba, najua. Mhasibu akapange vitabu vya makao, maana vituo vingi vinakosa ufadhili kwa kukosa hesabu safi. Mwenye mpangilio akaingize mafaili kwenye kompyuta, kwa ruhusa na kwa siri, ili afisa ustawi aweze kumtafuta shangazi wa mtoto. Fundi cherehani, fundi umeme, mpishi wa watu wengi, wote wana kazi. Mtaalamu wa tiba ya viungo au ya usemi yeye atamgusa mtoto, sawa, lakini awe na mlezi pembeni anayejifunza, na akae angalau miezi sita. Kama huna ujuzi wowote wa namna hiyo, basi changia mshahara wa mlezi, au mpango unaosaidia familia zisifike mahali pa kumwacha mtoto. Hautapata picha ya ukumbusho. Hasara hiyo inavumilika.

Nimetaja picha. Usipige. Wala mgongo wa mtoto, wala mikono yake midogo ndani ya mikono yako. Baadhi ya watoto wale wamefichwa na mahakama wasipatikane na mtu aliyewaumiza, na picha ya simu inaweza kubeba hata mahali ilipopigiwa. Habari ya alivyookotwa ni yake, ataisimulia mwenyewe akikua kama atapenda. Mimi mwenyewe hapa sijakwambia nchi wala jina, na sitakwambia.

Mambo ya kila siku: usikae peke yako na mtoto kwenye chumba kilichofungwa, kwa usalama wake na wako. Mtoto akikukimbilia, chuchumaa, msalimie kwa jina lake, kisha mwelekeze kwa mlezi wake: "twende tukamwonyeshe mama." Atasononeka kidogo na wewe utajiona una roho mbaya. Fanya hivyohivyo. Zawadi usimpe mtoto mmoja mmoja. Peleka ofisini, na kwanza uliza kinachohitajika, maana stoo ya pale ilikuwa na madubu ya manyoya ya kuchezea mpaka darini huku nepi zikihesabiwa. Ukiona jambo la kutisha, kipigo, mtoto kufungiwa, mtu mzima anayetoka na mtoto bila maelezo, andika tarehe na saa, mwarifu anayehusika na ulinzi wa mtoto, na kama ni yeye mwenyewe, nenda kwa mamlaka ya nchi hiyo. Kabla hujasafiri uwe na namba yao.

Kuondoka kunaanzia siku ya kufika. Watoto wakubwa waambie tokea mwanzo kwamba umekuja kutengeneza maji na mwezi fulani unarudi kwenu. Sisi tulichora duara kwenye kalenda ya ukutani. Usiahidi kurudi. Usiahidi simu wala barua isiyopitia ofisini. Aga mchana, kila mtu akiwa macho, kwa maneno machache, na machozi yako yasubiri ndani ya gari.

Wiki zangu tatu za mwisho nilimfundisha mlinzi wa getini, kijana mwenye mikono mizuri aliyekuwa akinishikia tochi tokea mwanzo. Nilimwachia spana zangu, na mchoro wa mabomba yote wenye namba tukaubandika nyuma ya mlango wa stoo. Mwezi mmoja baadaye alinipigia simu: vali namba 4 imeziba. Nikamwambia atazame mchoro. Akacheka. Alikuwa ameshautazama, ameshaifungua, ameshaisafisha na maji yanatoka. Alipiga kunihabarisha tu.